Kamera ya namba za magari nyumbani: tuta, giza na lenzi ndefu

Nyumba nyingi za Dar zenye kamera nne au nane zinafanana kwa jambo moja. Mwizi wa saiti mira anaonekana, gari lililomleta linaonekana, hata ndala zake zinaonekana, ila kibao cha namba ni kitu cheupe kinachong'aa kama sahani. Fundi akiitwa anashauri kamera zenye megapikseli nyingi zaidi. Zinafungwa. Wiki inayofuata sahani ni ileile, safari hii kwa ubora wa juu.

Ugonjwa hauko kwenye megapikseli. Kamera ya kawaida ya ulinzi imetengenezwa ione uwanja, geti na kipande cha barabara kwa pamoja, tena ivione gizani. Kibao cha namba kinataka kinyume chake: eneo finyu, picha inayopigwa kwa muda mfupi mno, na usiku uachwe uwe mweusi. Ukiilazimisha kamera moja ifanye yote mawili, itaharibu yote mawili. Ndiyo maana kamera ya namba ni ya kuongeza. Ile ya zamani inabaki mahali pake ionyeshe gari la aina gani, rangi gani, nani kashuka. Hii mpya inashughulika na kibao peke yake.

Kabla ya kwenda Kariakoo, kaa chini upige hesabu. Kamera nyingi za megapikseli 2 zina kitambuzi (kipande kinachonasa picha) cha inchi 1/2.8, ambacho upana wake ni kama milimita 5.4. Zidisha 5.4 kwa umbali wa mita hadi unapotaka kusoma namba, kisha gawanya kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Jibu ni upana wa eneo litakaloonekana, kwa mita. Chukua mita 20 na lenzi ya milimita 2.8, ile inayokuja na kamera nyingi za dukani: eneo linakuwa na upana wa karibu mita 39. Pikseli 1920 za upana wa picha zikigawanywa humo, kila mita inapata 50, na kibao kirefu cha gari, chenye kama nusu mita, kinaambulia pikseli 26. Hata ukiweka kamera ya megapikseli 8 yenye lenzi fupi kama hiyo, kibao kinapata pikseli 50 na kidogo. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Sasa weka lenzi ya milimita 27 kwa umbali uleule. Eneo linabana hadi mita 4, kila mita inapata pikseli 480, na kibao kirefu kinapata 250. Kibao cha mraba, ambacho magari mengi ya kutoka Japani hukivaa nyuma kwa sababu nafasi yake ni fupi, kinapata kama 150. Cha bodaboda, kidogo kuliko vyote, kinakaribia 100. Kwa jicho la mtu kibao chenye pikseli 100 kinasomeka bila kukisia. Programu ya kompyuta inapenda kifike 130 au zaidi. Unapoulizia kamera, basi, swali la kwanza liwe urefu wa lenzi. Lenzi ya kurekebishika ya milimita 2.8 hadi 12 inafaa kibao kikisomwa ndani ya mita 8 au 9 hivi. Zaidi ya hapo tafuta zinazofika 32 au 64. Dahua wana moja ya megapikseli 2 yenye lenzi ya 5.3 hadi 64 ambayo watu wanaosoma namba majumbani wanaipenda sana, na megapikseli zake 2 zinatosha.

Kitu cha pili ni mwelekeo. Kosa la kawaida ni kuifunga kamera juu ya geti ikitazama ng'ambo ya barabara. Gari likipita unapata mlango wa dereva, vizuri sana, na namba hupati. Kamera inatakiwa itazame kwa kufuata mtaa, kama mtu aliyesimama kona akiangalia daladala inayokuja. Pembe kati ya kamera na uso wa kibao isizidi nyuzi 30, kwa upande wala kwa juu, na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi. Umbali unasaidia hapa. Kamera iliyo mita 4 pembeni mwa njia, ikisoma namba mita 8 mbele, ina pembe ya karibu nyuzi 27. Ikisoma mita 20 mbele pembe inashuka hadi 11. Urefu vivyo hivyo. Ukuta wa mita 3 haukusumbui kwenye mita 20. Nguzo ya ghorofa ya pili, gari likiwa karibu, inakuonyesha paa.

Mtaa wenyewe una msaada ambao wengi hawauoni: tuta. Karibu kila mtaa wa makazi hapa una tuta ambalo wakazi walichanga wakajengewa, au walijijengea wenyewe usiku bila kumuuliza mtu. Gari linalopita kwa kilomita 30 kwa saa linasogea zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kwenye tuta linashuka hadi 10 au chini ya hapo. Lenga kamera mita mbili hivi baada ya tuta, ikisoma kibao cha nyuma: gari bado linajikusanya, dereva ameshaachia breki kwa hiyo taa za breki zimezimika, na taa kali za mbele zinatazama kwingine. Kusoma nyuma kuna faida nyingine. Madereva wa Dar na taa za full unawajua, na bodaboda kibao cha kumtambulisha kiko nyuma. Tahadhari moja: bodaboda halipandi tuta kama kuna upenyo. Linapita pembeni, pale lilipomomonyoka au mfereji ulipoishia. Nenda kasimame hapo jioni moja uangalie wanapita wapi, ndipo uamue zile mita 4 za picha zikae kushoto au kulia.

Kwenye mitaa ya vumbi ushauri huu unageuka. Kwenye mitaa ya Goba, Madale, Kivule na kwingine isiyo na lami, gari wakati wa kiangazi linajifunika kwa vumbi lake lenyewe, na usiku mwanga wa infraredi, ule wa kamera ambao jicho halioni, unaligeuza vumbi hilo kuwa pazia jeupe. Huko soma kibao cha mbele, ukubali kwamba bodaboda nyingi zitakuponyoka.

Tukifika kwenye shata, muda ambao kamera inafungua jicho kwa kila picha, ndipo usiku unaposhinda au kushindwa. Kamera ikiachiwa ijiamulie, gizani inafungua hadi sekunde 1/25 ili ipate mwanga. Kwa muda huo gari la kilomita 30 kwa saa limesogea sentimita 33. Ukiiamuru 1/500 linasogea chini ya sentimita 2, na kwa kuwa kamera inatazama kwa kufuata mtaa, sehemu kubwa ya mwendo huo ni kwenda mbele au kurudi nyuma, si kukatiza picha. Kinachobaki kuchafua herufi ni milimita chache. Anza na 1/500 usiku. Kibao kikiwa cheupe kupita kiasi, punguza kwanza nguvu ya infraredi, halafu panda hadi 1/1000. Mchana weka 1/1000 moja kwa moja.

Picha ya usiku iliyopangwa sawasawa inamshtua mwenye nyumba mara ya kwanza. Skrini ni nyeusi tii. Hakuna barabara, hakuna ukuta wa jirani, hakuna mwembe. Unadhani kamera imekufa. Kisha vidoti viwili vya mwanga vinachungulia, na katikati yake kibao kinaelea peke yake, T na tarakimu tatu na herufi tatu, safi kama kimechapwa kwenye karatasi, bila gari. Sekunde moja, kinapotea. Ndivyo inavyotakiwa. Kibao kimepakwa kitu kinachorudisha mwanga kule ulikotoka, na kamera iko palepale mwanga ulikotoka. Akipita mtu kwa miguu hataonekana kabisa; huyo ni wa ile kamera ya zamani. Tumeona mafundi wakipigiwa simu saa tano usiku warudi kurekebisha kamera isiyo na kosa lolote, kwa hiyo mwonyeshe mwenye nyumba picha hiyo kabla hujakusanya vifaa vyako.

Mipangilio mingine iko hivi. Usiku WDR (kipengele cha kusawazisha mwanga na giza) izimwe, kwa sababu kamera nyingi huunganisha picha mbili zenye muda tofauti wa shata, na kibao kinachotembea kinakuwa na kivuli cha herufi. Geini, yaani kukuza mwanga kielektroniki, iwekewe kikomo, 40 kati ya 100 inatosha. Kupunguza chenga kuwe chini kabisa, maana kunapakaa herufi kama mtu aliyefuta wino mbichi kwa kidole. Fremu 25 kwa sekunde, kasi ya data isiyobadilika ya megabiti 4 hadi 6, na fremu kamili (I-frame) moja kila sekunde, nyingine zibebe mabadiliko tu.

Fokasi ndiyo inayoua kazi nyingi. Fundi anapanga saa nane mchana, kila kitu kinang'aa, anakwenda zake. Mwanga wa infraredi unapinda tofauti ndani ya lenzi, hivyo usiku picha inalegea. Fokasi ya kujiendesha nayo haisaidii, kwa sababu kwenye skrini nyeusi haina cha kushika na inabaki kutapatapa mbele na nyuma kila gari linapopita. Izime. Rudi baada ya saa moja jioni, mwombe mtu aegeshe gari pale pale baada ya tuta, taa zikiwa zimewashwa, kisha vuta fokasi kwa mkono hadi kingo za herufi zikate. Halafu iache. Kama picha ya mchana inalegea kidogo baada ya hapo, usiifukuzie. Mchana kuna mwanga wa kutosha kusoma kibao hata kikiwa na ukungu kidogo. Kamera nyingine zinaruhusu kuhifadhi fokasi mbili, ya mchana na ya usiku. Ukiipata ya namna hiyo, shukuru.

Kuhusu kubadili mchana kuwa usiku, kukaa karibu na ikweta kunatupa nafuu. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima. Usiiachie kamera ijipimie mwanga, kwa sababu kila gari linalomulika linaifanya idhani kumekucha. Weka ratiba ya saa: hali ya usiku ianze 18:15, iishe 06:30, Januari hadi Desemba. Usiku picha ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kibao cha njano cha gari binafsi na cheupe cha gari la biashara vinafanana. Tofauti hiyo itafute kwenye picha za kamera ya zamani. Na kama mtaa wako unaelekea mashariki au magharibi, lenga upande ambao jua halitapiga lenzi ya kamera usoni saa ambazo watu wanatoka kazini au wanakwenda.

Halafu kuna buibui. Taa za infraredi zilizozunguka lenzi zina joto kidogo na wadudu wadogo, na buibui wa Dar amelijua hilo kabla yetu. Uzi mmoja sentimita 2 mbele ya lenzi ukimulikwa unakuwa mkanda mweupe katikati ya picha. Dawa tuliyoiona inafanya kazi ni kuzima taa za ndani ya kamera na kufunga taa ya infraredi ya pembeni, ya nanomita 850, yenye mwale mwembamba wa nyuzi 10 hadi 15, sentimita 30 kutoka kwenye lenzi. Isizidi nusu mita, la sivyo mwanga unaorudi kutoka kwenye kibao unaanza kuikosa kamera. Buibui atahamia kwenye taa. Mwache huko.

Kamera yenye lenzi ndefu haivumilii kutikisika. Kusogea kwa nyuzi 1 tu kunahamisha picha sentimita 35 kwenye umbali wa mita 20. Geti la kuteleza linapojigonga mwisho wa reli linatingisha nguzo yake kila siku, na baada ya miezi miwili kamera inasoma mfereji. Funga kwenye ukuta wa tofali, mbali na nguzo ya geti, kwa boliti za kupanuka. Masaki, Msasani, Mbezi Beach na Kigamboni tumia skrubu za chuma kisichopata kutu, maana chumvi ya bahari haina subira.

Waya. Hapa tunasema kwa uchungu kidogo: kebo nyingi za netiweki zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe; ukiwa mweupe ndani, rudisha. Inapeleka data vizuri mezani dukani, na hata mchana nyumbani. Usiku taa za infraredi zinapowaka kamera inavuta umeme zaidi, volti zinashuka njiani, kamera inazima na kuwaka tena. Mwenye nyumba anaona kamera nzima mchana na iliyokufa usiku, anabadilishiwa kamera, tatizo linabaki. Shaba tupu, ganda jeusi la nje, isizidi mita 100, na iachwe ining'inie kidogo chini ya kiungio ili maji ya masika yadondoke kabla hayajaingia. Kizuia radi cha laini kwenye swichi ya netiweki, na kiwe kimeunganishwa ardhini kwelikweli. Bila waya wa ardhini hicho ni pambo.

Umeme ukikatika ndipo wageni wasiotakiwa wanapofika. Kamera mbili, swichi, NVR (mashine ya kurekodi) na rauta vinakula kama wati 55. UPS ndogo yenye betri ya 12V 7Ah haifikishi saa moja. Betri ya asidi ya 100Ah ikitumiwa nusu, kama inavyotakiwa, na ukitoa kinachopotea kwenye inveta, inakupa saa tisa hivi. Uhifadhi ni rahisi zaidi: megabiti 4 kwa sekunde ni gigabaiti 43 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 2 inabeba kamera moja siku 46, au nne siku 11.

Programu ya kusoma namba ni hiari. Kwa nyumba moja, kutafuta mwenyewe kwenye rekodi ya dakika kumi kunatosha. Anayetaka orodha ijiandike anaweza kutumia Frigate, programu ya kurekodi kamera, ambayo tangu toleo la 0.16 inasoma namba yenyewe ndani ya kompyuta ya nyumbani, bila bando. Itachanganya 8 na B, 0 na D, 5 na S. Mpangilio wa namba zetu unasaidia kusahihisha: baada ya T ni tarakimu tatu kisha herufi tatu, na pikipiki vivyo hivyo baada ya MC. Kwa hiyo B ikikaa nafasi ya tarakimu, ni 8. Lakini usifute kisichofuata mpangilio huo, kwani magari ya serikali ya STK na ndugu zake hayaufuati, na kibao cha mraba mara nyingi programu husoma mstari mmoja ikasahau wa pili. Hifadhi picha kila mara. Maandishi ni ya kutafutia tu.

Ukishaipata namba, ujue umepata namba ya kibao, hujampata mtu. Vibao huibwa na kubandikwa kwenye magari mengine, na ndiyo sababu nyingine ya kutoing'oa kamera ya zamani: dereva wa IST nyeupe hawezi kubisha kwa kibao kilichosajiliwa kwa Noah. Usianze kumtafuta mwenye gari mwenyewe. Nenda kituoni, chukua RB (namba ya taarifa ya polisi), peleka faili lenyewe kutoka kwenye NVR likiwa kwenye flashi, na NVR iendelee kuhifadhi nakala yake. Kipande kilichopita WhatsApp kimebanwa na kimepoteza taarifa zake, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inapopima ushahidi wa namna hii inaangalia ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Kulitupia grupu la mtaa namba ya gari na neno mwizi ni kujitafutia kesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu 1 Mei 2023. Kwa sababu hiyohiyo, ziba kwenye picha geti la jirani kwa kutumia kifuniko cha faragha kilichomo kwenye kamera, na umwambie kabla hajaiona mwenyewe.

Mwisho, saa. NVR iweke kwenye GMT+3 na ijisahihishe kwa intaneti, kisha hakikisha kamera zote zinafuata saa yake. Unapoandika maelezo polisi, 01:10 kwenye skrini ni saa saba na dakika kumi usiku. Andika zote mbili, karatasi moja, mstari mmoja. Kuna rekodi nzuri zilizokataa kulingana na maelezo ya mlinzi kwa tofauti ya saa sita kamili.